Anayekwamwa na chakula apimwe mapema

Ndugu Mhariri,

Mama yangu mkubwa, mkulima wa viazi hapa Uyole, Mbeya, alianza kukwamwa na ugali, akabaki na uji, mwishowe hata maji yakawa yanarudi. Muda wote huo alipewa dawa za vidonda vya tumbo. Inauma, kwa sababu saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ikigunduliwa mapema, daktari bingwa wa upasuaji wa kifua anaweza kuondoa sehemu iliyoathirika, akauvuta juu mfuko wa chakula na kuuunga na umio uliosalia, ilhali aliyechelewa mara nyingi huwekewa kijibomba tu cha kupanua njia. Naomba zahanati za Nyanda za Juu Kusini zimpe kila anayekwamwa rufaa ya kipimo cha kamera inayopitishwa kooni, bila kusubiri akonde.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya