Makubaliano ya majaruba yaandikwe

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linalotuumiza sisi tunaolima mpunga kwenye majaruba ya kukodi hapa Nzega, yaani vipande vya shamba vilivyozungushiwa kingo za udongo ili maji yatuame.

Mwaka 2022 nilikodi ekari mbili kwa mzee jirani yetu. Tulielewana tukiwa tumekaa uani kwake: magunia mawili kwa kila ekari baada ya mavuno, nami nilime "mpaka nichoke". Hakuna aliyeandika. Shamba lilikuwa limetelekezwa, kingo zimebomoka, mvua ikinyesha maji yanapita tu. Kiangazi kile mimi na wanangu wawili tulipandisha kingo kwa jembe la mkono hadi zikafika magotini, tukasawazisha ndani, tukasomba samadi kwa mkokoteni wa ng'ombe. Msimu wa kwanza mvua ilikata mapema, nikapata magunia 11, manne yakaenda kwa mzee. Msimu wa pili maji yalituama vizuri, nikavuna 32. Mwezi wa tisa mwanawe akaja kuniambia shamba wanalichukua, amepatikana mtu wa kulipa taslimu.

Shamba ni la mzee, na ana wajukuu wanaosoma, hilo simlaumu. Kinachoniuma ni zile kingo.

Nilikwenda baraza la ardhi la kijiji. Wajumbe saba, watatu wanawake, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyotaka. Walinisikiliza vizuri, kisha wakauliza: karatasi iko wapi? Shahidi ni nani? Shahidi wangu alikuwa mke wa mzee. Baraza kazi yake ni kusuluhisha, na mzee hakutaka suluhu.

Nawaomba watendaji wa vijiji na wenye mashamba: kabla mvua za Novemba hazijaanza, tuandikishane, hata kwenye karatasi ya daftari, nakala moja ibaki kwa mtendaji. Kwa shamba la majaruba iandikwe miaka mitatu angalau, na mwenye shamba akilihitaji kabla ya hapo ijulikane atafidia nini kwa kingo na samadi. Mwaka wa ukame naye apokee fungu la kilichovunwa, si magunia yaleyale. Najua wazee wengi wanahofia kwamba ukiandikishana na mtu miaka mingi atakuja kudai ardhi ni yake. Lakini karatasi hiyohiyo ndiyo inayoonyesha kwamba mimi nimekodi.

Sasa nimeonyeshwa ekari moja kwingine. Nimemwomba mwenyewe tuandikishane kwanza, bado anafikiri.

Mkulima wa mpunga,
Nzega, Tabora