Kabla hujafungua saa ya mfukoni ya babu

Mara kwa mara huingia katika karakana yetu hapa Lubumbashi mtu aliyeshika bahasha. Ndani yake mna saa ya mfukoni ya babu, ambayo mzee aliitegemea enzi za kazi ya migodi au ya reli iliyoufikia mji huu mwaka 1910. Ila sasa si saa tena, ni magurudumu manne, kifuniko, na skrubu ambazo hakuna ajuaye zilikotoka. Mjukuu alitaka kujifunza ufundi, akaanza na saa pekee iliyokuwamo nyumbani.

Hatumlaumu kwa kutaka kujifunza. Kosa lake ni kuanza na saa ya urithi, na mara nyingi ni kuifungua kabla ya kulegeza springi. Springi kuu, iliyokunjwa ndani ya kipipa chake, ikitiwa ufunguo kikamilifu huweka nguvu ya kuiendesha saa kwa zaidi ya siku nzima. Ukiinua daraja, yaani bamba lililoshika ankra (kiwiko kinachoyaachia magurudumu jino moja moja), wakati springi ingali imekaza, nguvu hiyo yote hutoka kwa mpigo mmoja, magurudumu yakazunguka kama pia, na jino au ncha ya mhimili ikakatika. Kwa hiyo shika kwanza kile kichwa cha kutilia ufunguo kwa kidole gumba na cha shahada, sogeza kikomeo, yaani kile kipande kinachozuia springi isifunguke, kwa kijiti cha mti kilichochongwa, kisha kiache kichwa kirudi nyuma polepole kati ya vidole vyako bila kukiachia. Utasikia kikisukuma ngozi, halafu kitatulia. Ni hapo tu bisibisi inaporuhusiwa kufanya kazi yake.

Sehemu inayoharibiwa zaidi na wanaoanza ni gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku kuongoza mwendo wa saa, pamoja na springi yake nyembamba kama unywele. Katika saa nyingi za zamani gurudumu hilo hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara tano kila sekunde, likiegemea ncha ambazo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Saa hizo kwa kawaida hazina kinga ya mshtuko, hivyo kuanguka mara moja sakafuni kunatosha kuvunja ncha, na mteja huapa kwamba haijaguswa na mtu.

Kwa mazoezi tunapendekeza saa iliyokwisha kufa ya aina ya Roskopf. Georges Frédéric Roskopf aliibuni nchini Uswisi katika miaka ya 1860 ili mfanyakazi wa kawaida aweze kuinunua. Ina vipande vichache, na ankra yake hutumia pini za chuma badala ya vijiwe vya rubi. Mafundi wengi huidharau kwa ukelele wake, nasi tunakiri kwamba inapiga kelele, lakini huvumilia mkono usiozoea.

Jambo la mafuta linatusumbua kuliko yote. Mafuta ya cherehani hutambaa, na wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu huyageuza kuwa tope linalokula mhimili. Tumia mafuta ya saa, tone dogo kuliko kichwa cha pini, kwenye mashimo ya mihimili. Meno ya magurudumu yaache makavu. Kila kipande unachokitoa kifunike kwa bilauri iliyopinduliwa, hata kama unatoka mara moja tu kuitika hodi.

Anayetaka kujifunza anaweza kuja Jumamosi mchana: tutampa saa ya mazoezi na kuketi naye mezani, naye aje na lenzi yake ya jicho kama anayo. Na kama bahasha imekwisha kuwapo, ilete ilivyo, bila kujaribu kuunganisha chochote, na usitupe hata kile kipande unachodhani hakina kazi.