Msiishie mstari wa 11: barua kwa wanangu wa vyuoni

Wanangu mnaosoma vyuo vya Dar es Salaam,

Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili iliyopita kijana mmoja alinifuata nyumbani baada ya ibada. Aliketi, akaweka simu mezani, akaisogeza kwangu kwa kidole. Sapu tatu: mitihani mitatu aliyofeli na ya kurudia. Chai ikapoa hajaigusa. Nilipomuuliza jana alikula nini, ndipo akayatoa yote: nusu ya bumu, fedha yake ya mkopo wa masomo, aliipeleka "kupanda mbegu" kwa mhubiri aliyemwahidi kwamba hatafeli somo hata moja. Iliyobaki ikaishia kwenye deni la mama ntilie. Sasa anajiuliza kama Mungu amemkataa.

Mwanangu, hujakataliwa. Umedanganywa, na aliyekudanganya ataulizwa.

Nimeingia vyumba vingi vya hosteli kuwajulia hali, na juu ya vitanda vyenu nakuta mstari ule ule umebandikwa kwa selotepu: Yeremia 29:11, ule wa Mungu kuwawazia watu wake amani na kuwapa tumaini. Naupenda mno. Lakini nani kati yenu amebandika wa 5, au wa 10? Maneno yale ni barua. Nabii Yeremia aliiandika Yerusalemu, ikapelekwa Babeli kwa mkono wa Elasa na Gemaria, kwa watu waliochukuliwa mateka na Nebukadneza. Sura moja kabla yake, nabii Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwamba katika miaka miwili Mungu atawarudisha wote. Yeremia akamjibu, "Amina." Naye alitamani iwe hivyo! Ila hesabu ya kweli ilikuwa miaka 70, na barua ikawaambia mateka: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Wakaambiwa hata kuuombea amani mji ule ule uliowafunga. Lile tumaini mlilolibandika ukutani limekuja baada ya hayo yote, kwa watu waliokwisha kuambiwa washike jembe.

Hiyo ndiyo mbegu aliyoagiza Mungu, wanangu. Inapandwa kwenye udongo, kwa mikono yako, mahali ulipokwama.

Nami nilikwama. Mwaka 1984, enzi za foleni za sukari na sabuni, nilipata sapu ya takwimu. Wenzangu wakapanda mabasi kurudi kwao, mimi nikabaki. Wiki nzima nilifunga na kulia, daftari sikuligusa, nikidhani kulifungua ni kupungukiwa imani. Mwenzangu wa chumbani, Mwislamu wa Tanga, naye alibaki kwa sapu yake. Alfajiri moja, alipomaliza kuswali, alinitikisa mguu: "Amka. Mungu amesema pamoja na uzito upo wepesi. Pamoja na, hakusema baada ya. Shika kalamu." Tangu siku ile tukawa tunakokotoa maswali mawili kabla jua halijachomoza, yeye katoka kwenye msala, mimi katoka magotini. Nilifaulu kwa C. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa A yoyote kama nilivyomshukuru kwa C ile.

Basi ombeni, wala msipunguze. Lakini fedha ya chakula msimpe mtu anayeuza matokeo. Sadaka haina bei ya mtihani. Bumu likichelewa, semeni mapema kabla njaa haijawafunga midomo. Kwenye ushirika wenu hakosekani wa kugawana naye ugali. Na mwenye uzito moyoni usiotoka, wiki baada ya wiki, asiogope kwenda kwa mshauri wa wanafunzi. Nabii Eliya alipoomba afe chini ya mti wa mretemu, malaika hakumkemea. Alimwekea mkate na maji, akamwacha alale tena.

Kijana wangu atarudia mitihani yake Septemba. Jumamosi anakuja na wenzake wawili. Nimeshafuta meza ya barazani na kubadilisha balbu. Viti viko sita. Mje na madaftari na mitihani ya miaka iliyopita, chakula nitapika mimi.

Mama yenu,
Ubungo