Erika kwa Udongo wa Embakasi

Mwende mpendwa,

Hujambo, na wa nyumbani hawajambo? Sisi huku Kabete tu wazima, ila baridi ya Julai haijatuachia.

Nimeziona picha ulizonitumia, na kabla hujatoa pesa ya ile erika, kichaka cha maua unachotaka kupanda kwako Embakasi, naomba tuelewane kuhusu mmea wenyewe. Kile kichaka kifupi cha maua ya zambarau ulichoonyeshwa pale kwenye kitalu cha kando ya barabara si erika. Ni kufea, mmea wa asili ya Meksiko, na huuzwa kwa jina la erika kwa kuwa ukiutazama kwa mbali unababaisha. Angalia majani. Ya kufea ni bapa, yamekaa mawili mawili yakitazamana. Ya erika ni membamba ya ncha kali, na hukizunguka kijiti matatu, manne au zaidi mahali pamoja. Ua la kufea limekunjuka na lina petali sita. La erika ni kengele au kijibomba, mdomo wake una ncha nne, na mara nyingi limeinama. Kufea haina ubaya, hata ningekushauri uipande ukingoni mwa njia yako kwani si mdeko. Usiilipie tu bei ya erika.

Erika zenyewe ni zaidi ya aina 800, na sehemu kubwa, zaidi ya 600, ni za Afrika Kusini, hasa upande wa Cape. Hata sisi tunazo: ukipanda Mlima Kenya au Aberdare, ukiipita mianzi, vile vichaka virefu unavyovikuta kwenye mita 3,000 hivi na zaidi ni erika, na mojawapo ni ile ya maua meupe madogo inayomea pia kandokando ya Bahari ya Mediterania. Usithubutu kung'oa mche huko. Zile ni hifadhi, na hata hivyo mche wa porini uliong'olewa hauishi. Zile za Ulaya zinazouzwa mtandaoni kwa picha za theluji zisahau. Zimezoea mwaka wenye baridi kali na mchana unaorefuka na kufupika, nasi mchana wetu una urefu wa karibu saa 12 mwaka mzima.

Ningekuwa na nafasi yako ningeanza na mbili za kusini. Ya kwanza ni Erica cerinthoides, yenye vijibomba vyekundu vyenye manyoya. Hii imeenea kutoka Cape hadi Limpopo kaskazini, kwa hiyo inajua mvua ya majira ya joto, jambo ambalo nyingi za Cape hazilijui. Hizo huzoea mvua ya majira ya baridi, na unyevu ukija pamoja na joto mizizi huoza. Tena hii cerinthoides ina kigogo kinene chini ya udongo, ikikatwa au kuungua huchipua upya. Ya pili ni Erica verticillata, ya waridi, hufika hata mita 2. Ilitoweka kabisa porini pale Cape Town jiji lilipomeza makazi yake, ikaokolewa kwa miche iliyobaki kwenye bustani, na hiyo pekee inakuonyesha kwamba si ngumu kutunza. Chozi wataipenda, wale ndege wadogo wa midomo iliyopinda, maana vijibomba hivyo ni vyao. Kama muuzaji ataagiza kutoka nje, kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kipatikane kabla mmea haujasafirishwa, na uje na cheti cha afya ya mimea. Muulize mapema, akikwepa swali, achana naye.

Sasa udongo, na hapa ndipo nitakuchosha kidogo. Erika haina vinyweleo vya mizizi kama mimea mingine. Ina mizizi myembamba mno iliyo karibu na uso wa udongo, nayo hushirikiana na kuvu maalumu wanaoisaidia kupata chakula katika udongo maskini wenye tindikali, pH kama 4.5 hadi 6 (pH ni kipimo cha tindikali, kikishuka tindikali huzidi). Udongo wako mweusi wa Embakasi una shida mbili kwa wakati mmoja: unavimba na kuziba hewa mvua ikinyesha, kisha unapasuka kiangazi na kuikata mizizi hiyo, na mara nyingi pH yake ni 7 au zaidi. Chimba nusu mita utafute vijiwe vyeupe, uvidondoshee siki. Vikitoa povu, ni chokaa, na hapo hata ukimwaga salfa ya kuongeza tindikali mwaka mzima hutashinda. Njia nyingine ya haraka ni kuchungulia haidrenjia za majirani. Zikichanua buluu, udongo una tindikali. Zikichanua waridi, hauna ya kutosha. Nyeupe hazisemi kitu.

Kosa ninaloliona likirudiwa na watunza bustani ni kuchimba shimo katika udongo mweusi na kulijaza udongo mzuri. Shimo hilo ni beseni. Mvua ya Aprili inaingia na haina pa kutokea, na mche unakufa ukiwa ndani ya udongo bora kabisa. Wewe inua tuta. Lenye urefu wa mita 1.5, upana wa mita 1 na kina cha sentimita 40 linameza ndoo 30 za lita 20: ndoo 15 za udongo mwekundu, 8 za majani ya msonobari yaliyooza, na 7 za mchanga wa mto wa chembe kubwa au zile kokoto nyepesi za volkano zinazotoka upande wa Naivasha. Udongo mwekundu wa huku Kabete au wa Limuru penye chai unafaa, ila simama mwenyewe lori likimwaga. Wengi huleta udongo wa chini uliochimbwa kwenye msingi wa nyumba, una vipande vya saruji, na saruji ni chokaa. Kwa sababu hiyo hiyo, kingo za tuta zipange kwa mawe ya kuchonga bila kuyaunga kwa saruji, au tumia mbao, na tuta likae mbali na ukuta uliopigwa plasta juzi. Kabla ya kujaza, tifua uso wa udongo mweusi ukiwa mkavu na uupe mteremko kidogo. Usiweke tabaka la kokoto chini. Watu hulipenda, lakini halisaidii maji kutoka. Maji hukaa juu ya tabaka hilo hadi udongo ulowe chapa.

Ukiamua chungu, kiwe na upana wa sentimita 30 na matundu ya kutosha. Tumia kokopiti (maganda ya nazi yaliyosagwa) sehemu 2, kokoto nyepesi sehemu 1, na majani ya msonobari yaliyooza sehemu 1. Kokopiti ioshe kwanza, uibadilishie maji mara tatu au nne, kwa sababu huja na chumvi.

Kuhusu maji, swali lako la kumwagilia kwa maji ya kisima cha mtaa lina jibu fupi: hapana, si kila siku. Maji ya mfereji ya Nairobi, yale ya mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, yanatoka Aberdare na ni laini. Erika huyanywa bila shida. Maji ya visima virefu huwa na sodiamu na baikaboneti nyingi, na kila unapomwagilia unapandisha pH ya tuta ulilolitengeneza kwa jasho. Baada ya miezi kadhaa ncha changa zinageuka manjano huku majani ya zamani yakibaki ya kijani. Hapo chuma kipo udongoni lakini mmea hauwezi kukichukua. Kinga mvua ya paa: milimita 10 za mvua kwenye paa la mita mraba 20 ni kama lita 200. Yaache ya mwanzo baada ya kiangazi yapite, yana vumbi, na tangi liwe la plastiki. Siku ambazo huna jinsi ila kisima, anza na kijiko kidogo cha siki nyeupe kwa lita moja, pima kwa karatasi ya pH, uongeze hadi ufike kati ya 5.5 na 6. Siki inaondoa baikaboneti tu. Sodiamu inabaki, kwa hiyo mvua ikija iache isafishe tuta.

Halafu kuna hili ambalo huwapata hata waliozoea waridi. Erika hainyauki ikakuonya. Majani yake ni magumu, yanabaki yamesimama siku kadhaa baada ya mizizi kukauka, kisha yanapukutika ukiyagusa, na hapo hakuna maji yatakayoirudisha. Usingoje dalili. Chomeka kidole sentimita 3 au 4. Kama ni pakavu, mwagilia lita 4 au 5 kwa mche mchanga. Januari na Februari itakuwa kama mara mbili kwa wiki, mvua za masika zikishika huna kazi. Bonge la mizizi la mche mpya likiwa limekauka, litumbukize lote kwenye ndoo hadi viputo viishe, kwani maji ya kumwagia juu hupita pembeni tu.

Panda mwishoni mwa Machi au Oktoba, mvua zinapoanza, mahali penye jua angalau saa 6 na upepo unaopita. Bonge liwe sawasawa na uso wa tuta, lisizame. Miche iachane sentimita 60, au mita 1 kwa ile ya waridi. Tandaza majani ya msonobari unene wa sentimita 5, bila kugusa shina. Jembe lisikaribie kabisa. Magugu ng'oa kwa mkono.

Samadi usiweke. Najua una banda la kuku na inauma kuitupa, lakini peleka kwenye sukuma. Jivu vilevile, hapana. Mbolea ya DAP ina fosforasi nyingi mno, na CAN ina chokaa ndani yake. Majani yakififia, gramu 5 za salfeti ya amonia katika lita 10 za maji, mara mbili kwa mwaka, zinatosha tuta zima. Kwa ile manjano ya kukosa chuma, tafuta mbolea ya chuma aina ya EDDHA. Ya aina ya EDTA haifanyi kazi vizuri pH ikishapita 6.5.

Ule mparachichi wako wa nyuma ndio unaonitia wasiwasi. Mparachichi hushambuliwa na Phytophthora cinnamomi, kimelea kilekile kinachoozesha mizizi ya erika, kwa hiyo tuta likae mbali nao na kwa juu ya mteremko, na udongo wa chini yake usiuchanganye humo. Tawi moja likigeuka kijivu, kisha la pili, kwaruza ganda karibu na ardhi. Ukiona kahawia badala ya kijani, ng'oa mche na udongo wake, usipande erika nyingine hapo. Dawa ya kuponya haipo. Ukungu mweupe wa miezi ya baridi, kwa upande mwingine, usikukoseshe usingizi. Punguza matawi hewa ipite, na mwagilia chini asubuhi.

Pogoa maua yakishakauka. Kata chini kidogo ya yalipoishia, ukiacha majani mabichi kwenye kila tawi, kwa maana erika nyingi hazichipui kwenye mti mkavu usio na majani. Ile nyekundu ndiyo unaweza kuikata karibu na ardhi ikichakaa.

Erika za bustani hazizeeki sana, kwa hiyo kila mwaka chukua vipandikizi. Vijiti vya pembeni visivyo na maua, sentimita 5, chini vimeanza kukomaa na juu bado laini. Toa majani ya theluthi ya chini kwa uangalifu, chovya kwenye dawa ya kuotesha mizizi, chomeka kwenye mchanga na kokopiti nusu kwa nusu, funika kwa karatasi ya plastiki, weka kwenye kivuli chepesi. Hesabu miezi miwili hadi mitatu, na usivivute kila mara kuangalia.

Nitumie majibu ya siki na picha ya mahali unapotaka kuweka tuta, nione na mparachichi uko umbali gani. Kama utataka udongo wa huku, niambie mapema kidogo. Mwenye lori anataka kujua wiki moja kabla.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako,
Atieno