Msokoto wa DNA nao ufundishwe

Mhariri,

Kila gazeti linapoandika kuhusu DNA, maelezo huishia kwenye herufi A, T, G na C za kemikali zake nne, kana kwamba uzi wenyewe hauna umbo. Vitabu vya kidato cha nne navyo ni vivyo hivyo. Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Kisumu na ninaona tunawanyima vijana habari kubwa: jinsi DNA ilivyosokotwa huchangia kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze.

Darasani hutumia kamba ya mkonge yenye nyuzi mbili. Mwanafunzi mmoja huifunga kwenye chuma cha dirisha, mwenzake hupenyeza kalamu katikati ya nyuzi na kuisukuma kuelekea dirishani. Haifiki mbali. Mbele ya kalamu kamba hukazika, ikajikunja mafundo, na kalamu hukwama. Ndivyo ilivyo ndani ya seli jeni inaponakiliwa: mbele ya RNA polimerasi, yaani kimeng'enya kinachosoma na kunakili jeni, DNA hukazika, nyuma yake hulegea. Wanasayansi Liu na Wang walilieleza hilo mwaka 1987.

Kinachotegua mkazo huo ni kimeng'enya kiitwacho topoisomerasi. James Wang ndiye aliyekitangaza cha kwanza, kutoka kwa bakteria, mwaka 1971. Aina ya kwanza hukata uzi mmoja, msokoto ukapungua, kisha huunga palepale. Aina ya pili hukata nyuzi zote mbili na kupitisha kipande kingine cha DNA kwenye pengo. Kazi ya topoisomerasi haiishii hapo. DNA iliyolegea hufunguka kwa urahisi pale jeni inapoanzia, iliyokazika huwa ngumu kufunguka. Kwa hiyo kinachorekebisha msokoto kinagusa pia usomaji wa jeni. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba topoisomerasi ya aina ya kwanza ikizuiwa katika seli za neva, jeni ndefu sana ndizo hufifia zaidi, na kadhaa kati yake zinahusishwa na usonji. Hilo hunisisimua kila ninapolisimulia.

Wala si habari ya maabara za mbali. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria ambayo watu hununua bila kuandikiwa na daktari, hushambulia topoisomerasi za bakteria. Jeni za vimeng'enya hivyo zikibadilika kidogo tu, dawa hushindwa. Doksorubisini, mojawapo ya dawa za saratani ya Burkitt inayovimbisha taya za watoto wa kanda hii ya Ziwa, hunasa topoisomerasi ya aina ya pili ikiwa imeshakata DNA, isiweze kuunga, na seli ya saratani ikafa. Mzazi anayekaa wodini na mtoto wake ana haki ya kuelewa hilo kwa lugha anayoizungumza.

Ninawaomba mlitengee suala hili nafasi katika ukurasa wa sayansi, kwa Kiswahili na kwa michoro. Sisi walimu tutaubandika ukutani.

Mwalimu wa Biolojia,
Kisumu