Nyota moja ya mteja wa Masaka

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapa barua ya msomaji aliyesema wauzaji wa mtandaoni wote ni matapeli, na kwamba dawa yao ni wanunuzi kuwashushia nyota mpaka watoke sokoni wenyewe. Niliisoma nikiwa kibarazani, ukindu umelowa kwenye beseni la rangi, nikaiweka kazi kando. Mmoja wa hao wauzaji ni mimi. Nasuka kawa za kufunikia chakula hapa Bombo, Uganda, kazi niliyofundishwa na bibi yangu, na sasa ni mwaka wa nne naziuza pia kwa simu.

Matapeli wapo, sibishi. Mimi mwenyewe nimewahi kuagiza pasi mtandaoni, ikaja pasi inayong'aa ajabu ila moto haipati. Mtu akifanyiwa hivyo apige kelele, na mimi nitamsaidia kupiga. Yangu ni mengine.

Wateja wangu wa zamani walikuwa watu wa harusi na kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kutambulishana kabla ya ndoa, na habari zangu zilienda kwa midomo. Baadaye nikawa na ukurasa wa Facebook. Ilipofungwa hapa kwetu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, wateja wengi wasiojua mambo ya VPN, ile programu ya kupitia mlango wa nyuma, wakanipotea. Mpwa wangu aliyeko Kampala akanisajili kwenye soko moja la mtandaoni, ambalo sitalitaja. Huko ndiko nilikokutana na nyota, alama ya moja hadi tano ambayo mnunuzi humpa muuzaji.

Wateja 9 wa mwanzo wote walinipa tano. Wa 10 alikuwa mama mmoja wa Masaka. Aliandika kwa Kiganda kwamba kawa ni nzuri sana, Mungu anibariki, atanunua tena. Halafu nyota: moja. Nikakaa nayo usiku mzima. Asubuhi nikampigia. "Nyabo, nimekukosea nini?" Akashangaa. "Kunikosea? Si nimekupa ya kwanza?"

Nikacheka mpaka machozi, maana alikuwa na hoja. Katika nchi hii mtoto akifanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, daraja la kwanza ndilo linalochinjiwa kuku, na la nne watu huliongea kwa sauti ya chini. Nani alimwambia huyo mama kwamba kwenye nyota hesabu imegeuzwa? Programu ya soko ina maneno machache, yote ya Kiingereza, na pembeni ya nyota hakuna neno hata moja. Kiswahili kimo katika Katiba yetu kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, lakini nadhani waliotengeneza programu hawajafika ukurasa huo.

Alijaribu kuibadilisha, soko likamjibu kwamba muda umepita. Basi wastani wangu ukashuka kutoka 5 hadi 4.6. Nilimwomba mpwa wangu anipigie hesabu: ili nifike tu 4.8, nilihitaji wateja 10 wengine, wote wa nyota tano, bila hata mmoja kuteleza. Tano kamili haitarudi tena hata nikisuka mpaka nizikwe. Kawa moja kubwa hunichukua siku 5. Kwa hiyo ile nyota ya upendo ilinigharimu siku 50 za vidole vyangu, na hapo sijahesabu kwamba wengi wakishapokea mzigo hawaandiki chochote.

Huyo alikosea kwa nia njema. Mteja mwingine, wa Mbarara, hakukosea kwa nia yoyote, alikuwa amekasirika tu, na ningekuwa yeye ningekasirika pia. Mzigo wake nilifunga vizuri na kuukabidhi kwa wakala wa soko Jumatatu saa tatu asubuhi. Risiti ninayo. Kuanzia hapo mzigo uko mikononi mwao: gari lao, ghala lao, bodaboda wao. Ulimfikia Ijumaa, boksi limelowa mvua, kawa imebonyea upande. Akaandika: "Muuzaji mzembe." Nyota moja. Mwendesha boda hana ukurasa, wakala hana ukurasa, ghala halina ukurasa. Mwenye ukurasa ni mimi peke yangu, kwa hiyo matope yote ya barabarani hurushwa mlangoni kwangu.

Hapo nilifanya kosa. Nilikaa usiku nikaandika jibu la aya nne, nikamweleza maisha yangu yote, nikamwuliza kama kwao kuna mtu anayeweza kuizuia mvua. Siku mbili baadaye mwanamke mwingine, aliyekuwa karibu kuagiza kawa 6 za harusi, akaniandikia: "Dada, nimesoma ulivyomjibu yule. Nikija mimi na lalamiko itakuwaje?" Hakuagiza. Nilijifunza kwamba jibu langu yule wa Mbarara hata hakulisoma; wanaosoma ni wale ambao hawajanunua bado. Sasa najibu kwa mistari miwili: tarehe niliyokabidhi mzigo, pole, na kwamba nipo tayari kuinyoosha kawa au kuibadilisha. Basi. Mpwa wangu, ambaye huuza kamera kuukuu kwa watu wa nje, ameniambia kwamba hata eBay, soko la mtandaoni la Marekani, tangu 2008 haimruhusu muuzaji kumpa mnunuzi alama mbaya, kwa sababu wauzaji walikuwa wakilipiza kisasi na wanunuzi wakaogopa kusema kweli. Sawa, nakubali. Lakini huko wamemwachia muuzaji nafasi ya kujibu chini ya maoni, na huko nyuma hapa kwetu hata nafasi hiyo ilikuwa imefichwa mahali ambapo mimi nilionyeshwa na mtoto wa darasa la saba.

Wa tatu alikuwa wa vitisho. Alipokea mzigo, akaniandikia: nirudishie shilingi 20,000 kati ya 45,000 ulizopokea, la sivyo nakuandikia vibaya. Alitaka tuhamie WhatsApp. Nilikataa kuhama. Kila neno lilibaki ndani ya mazungumzo ya soko, nikawatumia wenye soko, na maoni yake yakaondolewa siku ya tisa. Kama kuna muuzaji mwenzangu anayesoma hapa: usihame. Na kabla ya kufunga mzigo piga picha, kawa ikiwa juu ya mizani na rula pembeni, maana "ndogo kuliko nilivyodhani" ndilo lalamiko la kila wiki.

Nisije nikaonekana malaika. Yapo maoni ya nyota mbili ambayo ni halali yangu. Mwaka juzi niliharakisha kwa sababu ya msimu wa harusi, nikanunua rangi ya zambarau ya bei rahisi na sikuuchemsha ukindu vya kutosha. Kawa ikachuja juu ya kitambaa cheupe cha mama wa bibi harusi, wageni wakitazama. Nilirudisha pesa yote na kulipa kitambaa. Nyota ile bado ipo pale, na mpwa wangu aliponiambia tuombe iondolewe nilimwambia aiache. Anayetaka kujua kama najua kukosea, aione.

Sasa namrudia yule msomaji wenu. Anataka nyota ziwe fimbo. Fimbo ni lazima ijue inampiga nani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inanitaka mimi muuzaji nitaje jina langu, mahali nilipo, simu yangu na bei yote. Nafanya hivyo bila kinyongo. Anayenihukumu yeye anaandikwa "Mteja" tu. Sisemi atajwe, watu wana sababu zao za kujificha. Nasema soko limwulize maswali mawili badala ya moja: bidhaa ilikuwaje, na usafirishaji ulikuwaje. La pili lihesabiwe kwa aliyesafirisha. Akibonyeza nyota moja, programu imwulize, kwa Kiswahili, kwa Kiganda, kwa lugha anayoielewa: "Una maana ni mbaya sana?" Swali hilo moja lingeniokolea siku 50. Nimewaandikia soko mara tatu kuhusu hili. Jibu limekuja mara tatu, lile lile, na kila mara wananiita "Mpendwa Mshirika".

Na kwa wanunuzi: namba yangu ya simu iko ndani ya boksi, kwenye karatasi ya njano. Nipigie kwanza. Nikikujibu kwa kiburi, au nisipokupokea siku nzima, niandike unavyotaka, na mpe jirani yako naye aniandike.

Juzi mama wa Masaka ameagiza tena, kawa mbili, moja ya waridi na kijani, moja ya njano. Nimezifunga leo mchana. Juu ya boksi nimeandika kwa kalamu nene, Kiganda upande huu na Kiswahili upande ule: TANO NDIYO YA JUU.

Msusi wa kawa,
Bombo, Luweero