Degedege la siku ya tatu

Mhariri,

Mwandishi wenu wa safu ya afya ameeleza vizuri degedege la homa na malaria. Kuna degedege jingine aliloliacha, na mimi, mkunga mstaafu, nalijua kwa kuwa liliingia nyumbani kwangu.

Mwaka 1987 mwanangu wa pili alikuwa na siku tatu tu. Ghafla akakaza mwili, midomo ikawa ya buluu, mkono wa kushoto ukaanza kurukaruka, kisha wa kulia. Kama dakika moja hivi. Likapita, akatafuta ziwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku hiyo lilirudi mara sita. Wodini walipima malaria, wakatafuta homa, hakuna kitu. Mama mkwe akaita mganga. Hirizi ikafungwa kiunoni, na kombe nikalinywa mimi (na unesi wangu!) ili lipite kwenye maziwa. Alipofikisha mwezi wa tatu degedege likakoma. Mganga akachukua mbuzi wake.

Mwanangu huyo sasa yuko Ujerumani. Alipopata mtoto, siku ya tatu, yaleyale. Damu ikapimwa, ikakutwa hitilafu kwenye jeni (maelekezo ya urithi ndani ya seli) iitwayo KCNQ2. Jeni hiyo na mwenzake KCNQ3 zilitambuliwa mwaka 1998 katika familia zenye degedege la wachanga kama letu.

Jeni hizo ndizo zinazotengeneza milango ya potasiamu kwenye utando wa seli za ubongo. Seli ikichangamka kwa umeme, potasiamu hutoka kupitia milango hiyo, seli ikatulia. Ni breki. Mtu mzima ana breki nyingine, kemikali iitwayo GABA. Kwa mchanga, kloraidi bado imejaa ndani ya seli, kwa hiyo GABA hiyohiyo inaweza kuichochea badala ya kuituliza. Mzigo unaiangukia milango ya potasiamu, nayo bado ni michache, maana jeni zake ndiyo kwanza zinaanza kushika kasi. Ikipungua hata kidogo, umeme unafululiza. Miezi ikienda, milango inaongezeka, GABA inageuka kuwa mtulizaji, na mara nyingi degedege linaondoka lenyewe. Mbuzi wangu alikwenda bure.

Asije mtu akakaa nyumbani kungoja miezi hiyo. Wachanga wengi niliowaona wakipata degedege walichelewa kulia walipozaliwa, au walikuwa na maambukizi, au sukari imeshuka, hayo yanaua. Hata hitilafu nyingine za KCNQ2 ni kali, humwacha mtoto nyuma kiakili. Na wa aina yetu, wachache hupata kifafa baadaye. Hospitali ni siku hiyohiyo.

Ombi langu ni kwa wenzangu wa wodi za wazazi: mkishapima homa na sukari, ulizeni nani mwingine kwenye ukoo alishikwa hivi akiwa mchanga. Mume wangu alishikwa. Mwaka ule mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kajitanda kanga yake, anajua kila kitu, na hakuna aliyemwuliza. Hata mimi.

Mkunga mstaafu,
Muheza, Tanga